Usisimame Mlangoni kwa Riziki

Kabambare, Jumamosi jioni

Sakina, mama yangu,

Nakuita mama kwa sababu jina lako ni la mama aliyenizaa, na kwa sababu leo mchana umenigombeza kama yeye, mbele ya wageni, eti nimenenepa wakati wewe ulikuwa kifungoni. Nimefurahi sana. Mtu anayetoka gerezani na bado ana kinywa cha kumchambua baba yake, huyo hajaharibika.

Niko barazani, kwenye meza yangu ya kukatia nguo. Ninyi wote mko jikoni. Nasikia wadogo zako wanakulazimisha kusimulia kwa mara ya nne habari ya yule mlinzi wa gereza anayeogopa panya, na mama yako anacheka mpaka anakohoa. Wiki saba nyumba hii haikucheka. Nilishona suruali ya mwalimu nikaiunganisha miguu yote miwili, ikawa kama gunia. Alinirudishia kwa adabu, akasema tu, "Fundi, pole na matatizo."

Kesho alfajiri unaondoka kwenda kukaa Kasongo kwa shangazi yako Zaina, mpaka siku ya hukumu. Mama yako amekwisha kukueleza habari za sabuni, chandarua, na nani usimwazime sufuria, kwa hiyo hayo nayapita. Karatasi ya masharti ya parke nayo unayo mwenyewe, na kusoma unajua kuliko mimi. Ukae Kasongo. Usitoke mjini bila ruhusa. Kila Jumatatu ufike parke, ofisini kwa mwendesha mashtaka, utie saini. Usimkaribie Riziki, usiseme naye, wala usimtumie mtu. Walikupa siku nne za kuja kuchukua vitu vyako, na siku zenyewe zimekwisha.

Mimi nina jambo moja tu, na linaniwasha tangu saa tisa. Nilizunguka nyuma ya jiko kutafuta mkaa wa pasi, nikakusikia unamwambia mama yako, "Kesho tukifika kwa Riziki nitashuka dakika mbili tu. Nimushike mikono, nimuombe radhi, kisha naenda. Nani atajua?" Na mama yako, badala ya kukushika sikio, akajibu, "Haya, lakini usiende mikono mitupu." Baada ya muda kidogo nikaona kuku mweupe amefungwa mguu karibu na mfuko wako.

Kuku uliyemla leo ndiye yule. Nilimchinja mwenyewe. Mama yako alinitazama, mimi nikamtazama. Wewe ulisifu mchuzi.

Ningeweza kukuita nikakuambia kwa mdomo, lakini tunajuana. Mimi na wewe tukianza jambo kwa maneno, sentensi ya tatu tunapandishana sauti, na ya nne mmoja wetu amekwisha kutoka nje. Hasira hiyo umeirithi kwangu, siwezi kuikana. Ndiyo iliyokufanya umsukume Riziki pale sokoni, kwa ugomvi wa nani aweke jiko wapi, akaangukia karai la mafuta ya mandazi. Sikuambii hukukosa. Mkono wake umeungua mpaka kwenye kiwiko, na yeye ni mtu uliyekaa naye ubao mmoja chuoni, mkichapwa pamoja kwa sura moja mliyoshindwa kuhifadhi. Najua unavyoumia. Usiku wa kwanza uliporudi nilikusikia ukimtaja usingizini. Kwa hiyo sidhani unataka kwenda kwake kwa ujanja. Unataka kwenda kwa sababu moyo wako hautulii, na hapo ndipo ninapoogopa, kwa sababu hata mimi nilikwenda na moyo wa namna hiyohiyo.

Sasa sikiliza, nikuambie kitu ambacho nyumba hii imekuficha tangu uzaliwe.

Uliambiwa kwamba siku uliyozaliwa mimi nilikuwa Kalemie kutafuta cherehani. Kalemie sijafika mpaka leo. Cherehani nilirithi kwa mjomba wangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza mawimbi ya ziwa yana ukubwa gani, na mimi nikakuambia kama nyumba. Mungu anisamehe mawimbi yale. Siku uliyozaliwa nilikuwa gereza la Kasongo, na niliingia humo kwa sababu ya jogoo.

Ilikuwa hivi. Mwaka ule tulikuwa tunakaa Wamaza, na mama yako alikuwa na mimba yako changa. Nilichoma shamba langu jipya mchana wa upepo, kwa ubishi tu. Watu waliniambia ngoja jioni, nikawajibu kwamba mimi moto naujua. Moto haukunijua. Uliruka kijito, ukala ghala la mpunga la jirani yetu Mzee Ramazani, mavuno yake yote. Wanawe wakasema nimefanya makusudi kwa ajili ya ugomvi wa mpaka. Nikapelekwa Kasongo, nikalala kasho, chumba cha mahabusu, kisha parke wakanipa uhuru wa kungojea hukumu nikiwa nje, kama wewe, na masharti yangu yalikuwa kama yako: mjini nisitoke, saini kila Jumatatu, kwa Mzee Ramazani nisiguse. Na nilikaa kwa nani? Kwa huyohuyo Zaina, dada yangu, chumba kilekile unachokwenda kulala wewe.

Nilitii miezi miwili, kwa saini nzuri kabisa. Kisha Idi ikakaribia. Kwetu, unajua mwenyewe, mtu haendi kuswali Idi akiwa na kinyongo cha jirani mgongoni. Unapita nyumba kwa nyumba, unashika mikono, unasema nisamehe. Na mimi niliyechoma chakula cha mzee wa watu nikae Kasongo nile biriani? Nililia mbele ya Zaina. Wakati ule Zaina alikuwa msichana asiyeogopa kitu. Alisema, "Kuomba radhi nako kunataka ruhusa ya parke? Mungu mwenyewe ameamuru. Shika jogoo yule pale uani, nenda."

Nikaenda. Nilitoka baada ya saini ya Jumatatu, kwa baiskeli, jogoo amefungwa kwenye usukani. Kila kijiji tulichopita aliwika, kana kwamba ametumwa kunitangaza. Nilifika Wamaza asubuhi ya Idi, nikamkuta Mzee Ramazani uani anatia udhu. Nikapiga magoti kwenye matope yale ya udhu wake, nikamshika mikono yote miwili, nikasema nimekosa. Mzee yule alilia. Mimi nililia zaidi. Tukanawa kwenye beseni moja, tukala sahani moja, wali na jogoo yuleyule. Wanawe walikaa pembeni, wakala kimya. Mama yako nilimwona usiku mmoja tu, nikageuza baiskeli, na Jumatatu saa mbili nilikuwa mbele ya mwendesha mashtaka, natia saini kama malaika. Hakuna aliyejua. Nilijiona mtu mwenye akili kuliko wote Maniema.

Wiki tatu baadaye Mzee Ramazani akaja Kasongo. Alitembea kwa miguu kutoka Wamaza, na miguu yake ilikuwa mibovu. Alikuja kunitetea. Tulikaa wote mbele ya mukubwa wa parke, mimi kwenye benchi la nyuma, yeye mbele, amevaa kofia yake mpya.

"Mukubwa," akasema, "mimi nimekuja kufuta maneno. Huyu mutoto ni wangu. Hatuna kesi tena."

"Ni vizuri, mzee. Mulipatana namna gani?"

"Alikuja kwangu yeye mwenyewe, siku ya Idi, na jogoo. Tulikula sahani moja."

"Kwako iko wapi?"

"Wamaza, mukubwa."

Mwendesha mashtaka akaweka kalamu chini. Mzee aliona amemfurahisha, kwa hiyo akaendelea kueleza jinsi wali ulivyoiva. Mimi nilikuwa bado natabasamu kama bwana harusi wakati polisi aliponishika mkono. Nakumbuka Mzee Ramazani akigeuka na kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyepotea, "Munamufunga kwa sababu aliniomba radhi?" Wanawe walipoitwa wakasema nilimwendea baba yao kumtisha, ndiyo maana alibadili maneno. Nani angewakatalia? Nilikuwa nimekwenda mahali nilipokatazwa, nikarudi, nikatia saini, nikanyamaza. Mtu mwongo afanye nini zaidi ya hapo?

Basi nikakaa ndani mpaka mpunga ukavunwa. Wewe ukazaliwa bila mimi. Ulipotimiza arobaini mama yako alikubeba kutoka Wamaza mpaka Kasongo, na mlinzi mmoja mwenye huruma akakuinua mpaka kwenye dirisha la vyuma nikuone. Nilipitisha mkono, haukufika. Ulinitazama, ukapiga chafya. Hilo ndilo neno la kwanza uliloniambia, na nimelitunza. Nilikupa jina la mama yangu nikiwa nimeshika vyuma, na nyuma yangu wafungwa wakaitikia amina, wengine hata si Waislamu.

Sikukuambia kwa sababu ya aibu. Lakini aibu yangu kubwa si kufungwa. Nitakuambia ile kubwa, maana leo nimeanza, acha nimalize.

Kila Ijumaa Mzee Ramazani aliniletea wali gerezani. Alihamia kwa ndugu yake Kasongo kwa ajili hiyo tu. Na mimi nilikataa kumwona. Nilisema mzee yule mdomo wake ndio ulionifunga. Wali ule walikula wenzangu, na walinisifia mpishi. Nilipotoka tukahamia hapa Kabambare, na miaka mitatu akipita mjini sikumwamkia. Mimi niliyechoma ghala lake, ndiye niliyenuna. Mpaka siku moja akaja kwenye baraza hii na kitambaa cheupe, akakitupa juu ya meza hii hii.

"Nishonee kanzu."

"Mzee, mafundi wako wengi."

"Wako wengi, lakini hao sikuwafunga mimi."

Nilicheka bila kutaka. Nikampima mabega. Tulipomaliza akakaa, akasema kitu ambacho nimekaa nacho mpaka leo. Alisema, "Assumani, mimi nilikusamehe kweli. Lakini wanangu je? Uliingia na jogoo, siku ya Idi, mbele ya majirani. Nani kwetu anakataa jogoo wa radhi? Uliwafunga mdomo. Hasira yao ikabaki tumboni ikaoza. Ungengoja, wangeisema mbele ya hakimu, ingekwisha."

Miaka yote ile nilifikiri moyo safi ni ruhusa. Nilifikiri sharti lile la parke ni ukuta wa kunizuia mimi tu, ukuta wa watu wasiojua desturi zetu. Kumbe ulikuwa pia mlango wa wale niliowakosea, nao wana haki ya kuufunga mpaka watakapotaka.

Sasa mfikirie Riziki. Alfajiri, mkono umefungwa kitambaa, labda hakulala kwa maumivu. Unabisha hodi na kuku mweupe. Mama yake atasema nini? Atamwambia amka, mpokee mwenzako, kuku hakataliwi. Riziki atakupa mkono ule mzima, atasema nimesamehe, kwa sababu hana njia. Wewe utapanda pikipiki ukiwa mwepesi, uzito umeubwaga mlangoni kwake. Na kaka zake wakiulizwa na parke watasema ulikwenda kumtisha. Mwache Riziki akukasirikie kwa raha zake. Amepata haki hiyo kwa mkono wake ulioungua.

Nilimuuliza avoka wako jana, yule wakili kijana mwembamba. Alinieleza kwamba siku ya hukumu mtakuwa chumba kimoja, wewe na Riziki, na hakimu atakuuliza kama una neno la mwisho. Hapo unaweza kusema yote. Nimekosa, niliona hasira, nisamehe ukitaka. Yeye atasikia, kaka zake watasikia, na akitaka kutojibu hakuna mama wa kumsukuma. Ukisikia Jumatatu ni ndefu, kumbuka kwamba njia ya kwenda kwa Riziki sasa inapita Kasongo. Kila saini ni hatua moja, hata kama utaona unazidi kuwa mbali.

Na usidhani nakupeleka msibani. Kasongo ni mji wa watu, utafurahi. Zaina amekwisha kunitumia salamu mara tatu kwamba chumba kimefagiwa. Yeye bado huenda Nyangwe kuchukua samaki wa mto Lualaba, na atakaporudi nao utakula mpaka usahau chakula cha gereza. Lakini Nyangwe yenyewe usiende naye, hata watu wakikuambia Nyangwe iko hapa tu. Wala usiogope kwamba Zaina atakushawishi. Tangu mambo ya jogoo amekuwa polisi kuliko polisi. Alilia kuliko mama yako siku niliyokamatwa, na mpaka leo akisikia jogoo anawika wakati wa swala anasema astaghafiru. Kila Jumatatu atakusindikiza mpaka kwenye ngazi za parke, na atasimama nje na mwavuli wake mpaka utoke. Mvumilie. Anatia saini yake pia, namna yake.

Nimekushonea gauni la kitenge, lile la bluu uliloniuliza ni la nani nikakudanganya ni la mke wa mwalimu. Ni lako, livae Jumatatu. Nataka ukiingia ofisi ile waone mtu aliyekuja kwa miguu yake, amenyoosha shingo, wala hajaburutwa. Kiuno nimekiacha kipana kidogo kwa ajili ya samaki wa shangazi yako.

Sikiliza, Sakina. Mara ya kwanza kuonana mimi na wewe kulikuwa na vyuma katikati. Wiki hizi saba nilikuja Kasongo mara mbili, nikasimama nje ya vyuma vilevile, sasa wewe ukiwa ndani, na nikaona mkono wako nao haufiki. Mara ile ya pili nilirudi nikamwambia mama yako nimepata vumbi machoni. Sikupata vumbi. Nililia njia nzima, mpaka dereva akasimamisha pikipiki anipe maji. Sitaki tena. Sikuombi kitu kingine katika maisha yangu. Hata ukinigombeza kila siku kwamba nimenenepa, nitakubali.

Mama yako atakupa barua hii baada ya swala ya alfajiri, na atakaa karibu nawe mpaka uimalize, hiyo ndiyo adhabu yake ya kuku. Utanitafuta uniage, hutaniona. Nitakuwa nimekwisha kutoka.

Nyumba ya kina Riziki iko barabarani, na njia nyingine ya kwenda Kasongo hatuna. Nitakuwa nimesimama ng'ambo yake, upande wa pili wa barabara. Mlango wao sitaugusa, wala kwao sitatazama. Dereva nimemwambia: akiguswa bega ili asimame, ajifanye hana bega. Lakini najua mguu wako utataka kushuka, kwa sababu ni mguu wangu. Kwa hiyo mkifika pale unitazame mimi. Nitanyoosha mkono. Usifikiri nakuaga, nakuambia pita.

Pita, mama. Mimi nitabaki pale mpaka sauti ya pikipiki imalize kilima, kisha nitarudi nyumbani nikiwa na furaha, nimwambie mama yako kwamba mtoto wetu amemwachia Riziki mlango wake.

Mungu akutangulie, na mimi nimekutangulia kidogo.

Baba yako,
Assumani